Nilichojifunza kwa poda ya mizizi, mananasi na maji ya magadi

Mteja akifika kwenye kitalu changu cha miche, swali la pili baada ya bei huwa ni hili: "Ile dawa ya mizizi unayo? Niuzie kidogo nikaoteshe mwenyewe." Wengine huja na tawi kabisa, mara nyingi la parachichi, wamelikata kwa ndugu na kuliviringisha kwenye gazeti, majani yameshalegea. Namjibu kwamba dawa hiyo, yaani poda ya homoni ya kuoteshea mizizi kwenye tawi lililokatwa, ninayo, ila kwa tawi hilo haitamsaidia. Hapo ndipo maelezo yanapoanza, na nimeyarudia mara nyingi mno kiasi kwamba sasa nayaandika.

Kazi hii niliianzia kwenye shamba moja la maua upande wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Kulikuwa na kitengo kizima cha vikonyo, yaani vipande vya shina vya kuoteshea, vya maua ya krisantemamu. Vikonyo vile havikuuzwa hapa nchini. Vilivunjwa ncha kwa ncha, vikapangwa kwenye mifuko, vikaingizwa chumba cha baridi na kupelekwa Uholanzi kuoteshwa huko. Mashina mama yalikaa ndani ya mabanda yenye taa za kuwashwa usiku, kwa sababu krisantemamu likipata usiku mrefu huanza kuandaa maua, na shina lililokwisha kugeukia maua halifai tena kwa vikonyo. Kwa hiyo kabla sijagusa dawa yoyote nilikuwa nimeshaona kwamba mmea una ratiba yake, na kwamba anayetaka kuubadilisha mawazo sharti kwanza ajue uko saa ngapi.

Poda tuliitumia kwenye sehemu ndogo ya majaribio, vile vilivyooteshwa palepale shambani. Msimamizi wetu, mama mmoja wa Kipare asiyependa maneno mengi, alikuwa na sheria zake. Poda unachota kidogo kutoka kwenye kopo, unaweka kwenye kisahani, kopo unalifunga. Kikonyo unachovya sentimita moja ya chini tu, unakigonga kidogo kwenye ukingo wa kisahani ili poda ya ziada idondoke, halafu unakiingiza kwenye tundu ulilokwisha kulitoboa kwa kijiti, maana ukikisukuma moja kwa moja kwenye mchanga poda yote inabaki juu. Kilichosalia kwenye kisahani jioni kinamwagwa. Kijana mmoja mgeni alitaka kukirudisha kwenye kopo ili asipoteze mali ya watu. Mama akamshika mkono. "Mwanangu, hapo unarudisha maji na magonjwa. Kesho kopo zima limeharibika." Ndivyo ilivyo: poda ile karibu yote ni talki, na ile homoni kidogo iliyomo haipendi unyevu, joto wala mwanga. Hata leo kopo langu linakaa kwenye friji, ndani ya mfuko mweusi, mbali na chakula.

Homoni yenyewe kwa kawaida ni IBA, wakati mwingine NAA. Zote ni za kundi la oksini. Oksini ya asili iko ndani ya kila mmea. Hutengenezwa zaidi kwenye ncha na majani machanga, ikashuka kuelekea chini. Ukikata tawi, inajikusanya pale kwenye jeraha, na mkusanyiko huo ndio unaoziambia chembe za pale zianze kujenga mizizi. Mdachi Frits Went ndiye aliyeonesha kuwapo kwa kitu hiki mwishoni mwa miaka ya 1920, akifanya kazi na machipukizi ya oti. Mwaka 1935 Zimmerman na Wilcoxon, watafiti wa Taasisi ya Boyce Thompson kule Yonkers, New York, wakaonesha kwamba IBA na NAA zilizotengenezwa maabara huotesha mizizi vizuri kuliko ile ya asili, ambayo huvunjika upesi. Kopo ninalonunua leo dukani limetokana na kazi hiyo.

Kwenye kopo kuna asilimia, na watu wengi hawaisomi. Asilimia 0.1 ni gramu moja ya IBA kwa kilo nzima ya poda. Hiyo ni ya vikonyo laini, maua na viungo. Asilimia 0.3 ni ya vikonyo vilivyoanza kukomaa. Asilimia 0.8 ni ya miti migumu. Mtu anaona 0.8 anadhani ndiyo "kali", kwa hiyo ndiyo nzuri, anaipaka kwenye rozimari laini. Baada ya siku chache kitako kinakuwa cheusi, kinavimba na kupasuka, majani yanageuka njano kuanzia chini, na machipukizi yanagoma kufunguka, kwa kuwa oksini ikizidi huyazuia. Mkulima akiona weusi ule anasema ni ukungu, anapulizia dawa ya ukungu. Nimeona watu wakimaliza trei nzima namna hiyo.

Ukitaka ya maji, poda ghafi ya IBA haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Unaiyeyusha kwanza kwenye spiriti, ndipo unaongeza maji. Gramu moja katika lita moja inakupa kipimo cha 1,000, yaani sehemu elfu moja kwa milioni, na kikonyo unakichovya kwa sekunde tano hivi, si kukilaza humo kama unaloweka maharage. Mzee mmoja jirani alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini kama gongo haifai. Nikamwambia, mzee wangu, gongo hata mpikaji wake hajui ina nguvu kiasi gani. Tukacheka, lakini swali lake lilikuwa la maana: kazi hii yote ni ya vipimo.

Sasa kahawa. Hapa ndipo nilipoelewa kwamba kuna mambo ambayo dawa haina mamlaka nayo.

Nilikwenda Lyamungu, wilayani Hai, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, kujionea jinsi wanavyozalisha miche ya aina bora zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Aina hizo ni chotara, na mbegu yake ukiipanda haitoi mti unaofanana na mama. Kwa hiyo kuna bustani mama, na miche hutolewa kwa vikonyo. Shina mama huinamishwa ili litoe machipukizi mengi yanayokwenda juu, na ni hayo tu yanayokatwa. Pingili moja yenye jozi ya majani hupasuliwa katikati kwa urefu, ukapata vikonyo viwili, kila kimoja na jani lake, na jani hilo hupunguzwa kwa mkasi ili lisipoteze maji mengi. Vinapangwa kwenye kisanduku cha kuoteshea, vinafunikwa nailoni na kuwekewa kivuli. Unasubiri miezi mitatu hadi minne hivi. Mikono ya akina mama wanaopasua pingili zile ni ya kuangalia: wembe unapita katikati ya kifundo, na pande zote mbili zinabaki na jicho lake zima.

Niliuliza kwa nini wasitumie matawi ya pembeni, maana mti wa kahawa unayo mengi mno na yale ya wima ni machache. Jibu nililipata shambani kwa jirani yangu, nyumbani Meru. Alikuwa amenunua poda, akakata matawi ya pembeni, akayaotesha. Yakaota. Mizizi ilikuwa mizuri, mingi, myeupe, ya kupigia picha. Akayapanda shambani kwa furaha. Msimu ukapita, wa pili ukaja, na miti ile haikusimama. Ilikwenda upande, ikatambaa chini. Tawi la pembeni la kahawa hukumbuka kwamba ni tawi la pembeni, na ukilipa mizizi linaendelea kuwa tawi la pembeni lenye mizizi. Hakuna IBA, wala busta, zile dawa za kukuzia mimea, wala mbolea inayolifanya lisahau. Jirani aling'oa yote.

Parachichi ni kesi nyingine. Tangu aina ya Hass ishike soko, kila mtu anataka miche, na miche ya kubebesha ina bei. Kwa hiyo wazo la kuchomeka matawi na kupaka poda linavutia sana. Lakini tawi la mti wa parachichi uliokwisha kuzaa ni kaidi mno kutoa mizizi, hata ukilipaka dawa. Ukomavu wenyewe ndio kizuizi. Mche uliotoka kwenye mbegu, ukiwa bado mchanga, hukubali kwa urahisi zaidi, ila huo haujathibitika kama utazaa Hass. Ndiyo maana tunapanda kokwa la parachichi la kienyeji, tunabebesha kikonyo cha Hass juu yake, na hatuoni aibu. Mwembe hivyo hivyo.

Upande wa pili kuna mimea ambayo kuipaka poda ni kutupa pesa. Sale, ile Wachaga wanayoiweka mipakani, unakata, unachomeka, unaondoka. Minyaa, mbono, muhogo, miwa. Mimea hii ina chakula cha kutosha kwenye shina, na mingine ina vianzio vya mizizi vinavyosubiri unyevu tu.

Katikati kuna kundi ambalo ndilo linalonilisha: bogenvilia, haibiskasi, yasmini, lavenda. Kwa hawa niliwahi kuchukua vikonyo vya shina moja, nikavigawa, nusu kwa poda na nusu bila, mchanga uleule, nailoni ileile. Vile visivyopakwa vingi viliota pia. Tofauti ilikuwa kwenye kasi na usawa: vilivyopakwa vilitoa mizizi kuzunguka kitako chote, na vilikuwa tayari kwa viriba kwa wakati mmoja. Visivyopakwa vilitoa mizizi upande mmoja, kimoja wiki hii, kingine wiki ijayo. Kwa mtu anayeotesha vitatu vya barazani, tofauti hiyo haina maana. Kwangu mimi ninayeahidi mteja trei nzima, ina maana kubwa. Ila trei niliyoiweka mahali ambapo nailoni ilikuwa imetoboka, poda au bila poda, ilikauka yote. Homoni ni filimbi ya refa: inaanzisha mchezo, haichezi. Anayecheza ni jani, maji, hewa kwenye mchanga, na chakula kilichomo kwenye shina.

Jambo hilo lilinirudia pwani, kwenye mananasi. Shemeji yangu analima Kiwangwa, Bagamoyo, na wengi mnajua mananasi ya huko. Nanasi likiachwa lenyewe hutoa maua kwa kubahatisha, zaidi kipindi cha baridi, na shamba moja linaweza kukuvunisha kidogokidogo kwa miezi. Mfanyabiashara wa lori hapendi hivyo. Anataka ajaze gari siku moja. Kwa hiyo wakulima hulilazimisha. Dawa inayotumika ni ethefoni, ambayo ikifika ndani ya mmea huvunjika na kutoa gesi ya ethilini, na ethilini ndiyo inayolifanya nanasi kugeukia maua. Wazee wa kazi hii hutumia kabaidi, mawe yale ya mafundi wa kuchomelea kwa gesi; hukutana na maji kwenye moyo wa mmea na kutoa asetilini, ambayo hufanya kazi inayofanana. Na kabla ya hayo yote kulikuwa na moshi: kwenye visiwa vya Azores, karne ya 19, waliokuwa wakilima mananasi ndani ya nyumba za vioo waliona kwamba moshi unayafanya yatoe maua pamoja. Ndani ya moshi kuna ethilini.

Shemeji alilalamika kwamba dawa ni feki. Sehemu ya shamba ilikuwa imetoa maua, sehemu nyingine hakuna kitu. Nikamwomba anioneshe anavyofanya. Alichanganya pipa zima asubuhi, maji ya kisima, na vijana wakapulizia hadi jua la mchana, wakapumzika, wakamalizia jioni. Nikayapima maji kwa karatasi ya pH. Yalikuwa ya magadi.

Sisi wa Meru maji ya magadi tunayajua. Tunayo kwenye mito, na floridi yake tunayo kwenye meno. Ethefoni inakaa salama ikiwa kwenye tindikali kali, na ndivyo inavyouzwa. Ukiizimua kwa maji, hasa ya magadi, tindikali inapungua na gesi inaanza kutoka palepale ndani ya pipa, kabla mmea haujaiona. Mistari ya kwanza ya shamba ilipata dawa, ya mwisho ilipata maji. Tulibadilisha mambo mawili tu: kuchanganya bomba moja moja na kulimaliza papo hapo, na kufanya kazi alfajiri au jioni kukiwa na ubaridi. Urea kidogo aliyokuwa akiongeza kwenye maji tuliiacha iendelee, inasaidia dawa kupenya. Dawa ilikuwa ileile ya duka lilelile.

Bado kulikuwa na eneo lililotoa maua vizuri na matunda yakawa madogo kama ngumi. Hapo dawa ilitii kabisa, tatizo ni kwamba mimea ilikuwa michanga. Ukubwa wa nanasi hutegemea majani yaliyopo siku unapolilazimisha. Mmea mdogo ukiamriwa kutoa ua hutoa, kisha unakuletea tunda linalolingana na majani yake. Shemeji alikuwa na haraka kwa sababu ya ada za shule, naye alijua hivyo. Alisema, "Shem, nilijua yatakuwa madogo, lakini Januari haisubiri." Sina la kumjibu mtu wa namna hiyo zaidi ya hesabu: matunda mangapi, bei gani, lori lini.

Kuna matumizi ya pili ya ethefoni kwenye nanasi ambayo siyapendi, na nasema wazi. Wapo wanaopulizia tunda lenyewe likiwa bado bichi ili ganda liwe njano upesi. Nanasi halina akiba ya wanga ya kugeuza kuwa sukari, kwa hiyo halizidi kuwa tamu baada ya kukatwa. Ganda linapata rangi, ndani panabaki pachungu vilevile, na mnunuzi wa Dar anaondoka nalo akidhani amepata. Ndizi ni tofauti, hiyo ina wanga na huiva kweli kwa ethilini, ndiyo maana vyumba vya kuivishia ndizi vipo duniani kote. Ila si kwa kabaidi: mawe yale ya mafundi huweza kuwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na hayakutengenezwa yakae na chakula.

Tukio lililonifanya niheshimu kundi hili la dawa kuliko yote halikuhusu kuotesha chochote. Msimu mmoja nyanya zangu zilianza kujikunja. Majani ya juu yakawa membamba, marefu, yamesokotwa, na mashina yakapinda. Kila aliyepita alisema ni virusi, na mmoja alishanishauri nizing'oe. Lakini zilikuwa zimeumia upande mmoja tu, ule unaopakana na mahindi, na kwa mteremko uleule unaofuata upepo wa mchana. Jirani alikuwa amepulizia 2,4-D kuua magugu ya majani mapana. Hiyo nayo ni oksini ya kutengenezwa, ndugu wa poda yangu ya mizizi. Kipimo kikubwa huufanya mmea wa majani mapana ukue ovyo hadi ufe, huku mahindi, ambayo ni jamii ya nyasi, yakisalimika. Nyanya huihisi hata ikiwa mvuke tu. Tuliongea vizuri, akakubali kupulizia asubuhi pasipo na upepo. Tangu hapo bomba la kuulia magugu na bomba la kitaluni kwangu ni mawili tofauti, moja lina rangi nyekundu kwenye tangi, na sikopeshi wala sikopi. Bomba lililobeba 2,4-D huwezi kulisuuza kwa maji mara moja ukasema limekuwa safi.

Kuhusu busta zinazouzwa minadani nitasema kwa kifupi. Nyingine ni mbolea ya majani, haina neno. Nyingine zina jiberelini, homoni ya kurefusha ambayo Mjapani Kurosawa aliifungulia njia mwaka 1926 alipoonesha kwamba kitu kinachotolewa na kuvu fulani ndicho kinachoufanya mpunga ulioshambuliwa urefuke kupita kiasi na kuanguka. Ukiipulizia mboga za majani inarefusha kweli, zikawa ndefu na za rangi hafifu, uzito ukawa maji. Nyingine hazisemi kabisa kilichomo. Chupa isiyotaja kiambata chake wala namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyochukua kazi za TPRI, ile taasisi ya utafiti wa viuatilifu pale Ngaramtoni, mimi siifungui.

Juzi alikuja mteja kutoka Muheza, ana miembe mikubwa, anataka paklobutrazoli ili imzalie kabla ya msimu. Alikuwa amesikia kwamba Thailand na India wanaitumia sana, na amesikia kweli. Dawa hiyo humwagwa kwenye udongo kuzunguka shina, inaizuia jiberelini, mwembe unapunguza kurefuka na unageukia maua. Nikamuuliza chini ya miembe analima nini. Akasema maharage, na mke wake ana bustani ya mchicha upande wa chini ambako maji ya mvua hutelemkia. Nikamweleza kwamba inakaa kwenye udongo muda mrefu, msimu na msimu unaofuata, na itawadumaza maharage na mchicha kama inavyoudumaza mwembe. Alikaa kimya kidogo, akapiga simu nyumbani. Mwishowe akanunua miche kumi ya maembe ya kubebesha ya aina inayowahi, na akaniuliza kama nina poda ya mizizi.